Mambo ya Nyumbani: Kumzoeza Paka Kukatwa Kucha



Mwezi huu twataka kunena juu ya kucha za paka. Twajua ya kwamba wako watakaocheka wakisoma neno hili, wakisema, Je, mafundisho yamekwisha hata tufundishwe habari za paka? Lakini mtu asicheke upesi. Katika nyumba zetu nyingi paka ndiye mlinzi wa mahindi na mpunga, na katika nyumba hizo hizo wamo watoto wadogo. Siku mtoto akikwaruzwa shavuni, karibu na jicho, magomvi huingia. Mama asema, Paka abaki, maana bila yeye panya watatumalizia chakula. Baba asema, Na atiwe katika gunia, akatupwe mbali porini. Watoto walia, kwa kuwa wampenda. Na yule paka mwenyewe hajui amekosa nini. Jambo la namna hii limevunja amani ya nyumba zaidi ya moja, na kwa kuwa dawa yake ipo, si vema kulinyamazia.

Dawa yenyewe ni mbili. Ya kwanza ni kupunguza ncha za kucha. Ya pili ni kumzoeza paka kushikwa mguu pasipo hofu. Watu hukimbilia ile ya kwanza na kuiacha ya pili, na hilo ndilo linalowaletea damu mikononi. Sisi twasema ya pili itangulie, hata kama itachukua majuma mengi.

Kwanza tumjue paka. Paka wa nyumbani si mgeni katika Afrika. Wenye elimu ya wanyama wamechunguza asili yake, wakaona ya kwamba ametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye hata leo yupo katika mbuga kama Serengeti. Aliyakaribia makao ya watu kwa sababu ya panya waliofuata nafaka, na watu wakamwacha akae kwa sababu ya faida yake. Basi yeye hakufungwa kamba akatiwa nira kama ng'ombe. Alikuja kwa miguu yake. Kwa hiyo hata leo tabia yake ni ya mnyama aliyekubali kukaa nasi, wala si ya mnyama aliyeshurutishwa. Wazee walisema, Paka wa nyumba haingwa. Tena hafugiki kwa kufokewa. Anayesahau neno hili atashindwa mapema.

Sasa tutazame ukucha wake. Paka mwenye viungo kamili ana kucha 18, yaani 5 katika kila mguu wa mbele, na 4 katika kila mguu wa nyuma. Ule wa tano wa mbele umekaa upande wa ndani, juu kidogo kama kidole gumba, wala haugusi chini. Watu wengi huusahau. Anapotembea, paka huzificha kucha zake, ndiyo sababu hatusikii hatua zake. Anapomrukia panya au kupanda mti huzitoa. Ukucha hukua kwa matabaka, na paka anapokwaruza mti au mguu wa kiti huambua ganda la nje lililochakaa, tena huacha pale harufu yake iwe alama. Basi kukwaruza si ukorofi, ni haja ya mwili wake. Ampigaye paka kwa kukwaruza ni kama ampigaye mtoto kwa kupiga miayo. Afadhali kumsimamishia gogo lililozungushiwa kamba ya katani, mahali anapopenda kulala, apate kujinyosha na kukwaruza hapo.

Ndani ya ukucha mna nyama hai, yenye damu na yenye kuhisi maumivu. Katika ukucha mweupe nyama hiyo yaonekana kama kivuli chekundu hafifu. Katika ukucha mweusi haionekani. Ncha iliyo mbele ya nyama haina uhai, kama ncha za kucha zetu sisi, wala kuikata hakuumi. Lakini mtu akikata nyama, maumivu ni makali na damu hutoka; na paka hasahau.

Tena si kila paka akatwe kucha. Paka anayelala nje, anayewinda ghalani na kukimbizwa na mbwa wa jirani, kucha zake ni mkuki wake na ngazi yake. Humsaidia kuupanda mti siku ya hatari, na hujichakaa zenyewe kwa kazi. Huyo mwacheni nazo. Wa kukatwa ni paka akaaye ndani karibu siku zote pamoja na watoto, na paka mzee, na paka mgonjwa asiyekwaruza tena. Kwa paka mzee jambo hili lahitaji kuangaliwa sana, maana kucha zake huwa nene, hukua na kupinda kama ndoana, hata ncha ikaingia katika nyama laini ya unyayo.

Twajua nyumba moja ambamo paka mkongwe alianza kuchechemea. Wengine walisema amepigwa jiwe, wengine wakasema amevunjika mfupa, na jirani mmoja akashauri auawe asiteseke. Lakini alikuwamo binti wa darasa la nne ambaye tangu zamani alikuwa na mazoea ya kuushika mguu wa paka huyo wakati wa jioni na kuchezea vidole vyake. Binti akaushika mguu ule, akautazama, akauona ukucha umezunguka na kutoboa unyayo. Baba akaikata ncha, wakausafisha unyayo kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na baada ya siku chache paka akakanyaga sawasawa. Watu wazima wote walikuwa na macho, lakini ni mtoto yule tu aliyekuwa na ruhusa ya paka. Kwa hiyo twasema, hata paka asiyehitaji kukatwa kucha afaa kuzoezwa kushikwa mguu. Iko siku ataingiwa na mwiba.

Sasa tuione njia iliyo mbaya, maana ndiyo iliyo ya kawaida. Watu wawili wamkamata paka ghafula, mmoja amshika ngozi ya shingo, mwingine amfinya miguu, wa tatu aja na mkasi. Paka apiga kelele, akwaruza, auma. Labda kucha tatu zakatika, pamoja na nyama. Kisha waseme, Tumemweza. Hawakumweza, wamemfundisha. Wamemfundisha ya kwamba mkono wa mtu ukigusa mguu wake, maumivu yafuata. Mara ya pili atakimbia akiuona mkasi, na mara ya tatu atakimbia akiwaona wao. Paka hana lugha ya kuelezwa nia yetu. Hawezi kuambiwa, Twafanya hivi kwa faida yako na ya mtoto. Ajua jambo moja tu, nalo ni lile mkono uliloletea mwili wake mara iliyopita.

Njia iliyo njema ni hii. Achaguliwe mtu mmoja wa nyumba, ambaye paka humjia kwa hiari, naye ndiye afanye kazi hii mpaka mwisho. Achague saa ambayo paka ametulia, na watoto hawapigi kelele. Paka asiwe ameshiba kabisa, maana ujira wake ni chakula: dagaa wachache waliokatwa vipande vidogo, au chembe za samaki. Chakula hicho asipewe wakati mwingine, ila katika kazi hii tu, ili kiwe na thamani machoni pake.

Siku za kwanza usimshike mguu. Mpapase begani, uteremshe mkono polepole, uuguse mguu mara moja, uondoe mkono, na papo hapo umpe kipande cha dagaa. Fanya hivyo mara tatu au nne, kisha umwache aende zake. Akiuvuta mguu, mwachie, usishindane naye. Siku atakapokuwa hajali tena kuguswa, ushike mguu kwa muda wa kuhesabu moja hata tatu, kisha umpe ujira. Akilizoea hilo, weka kidole gumba juu ya kidole chake, na kidole kingine chini ya unyayo, ubonyeze kwa wepesi. Ukucha utajitokeza wenyewe. Mpe ujira, umwachie. Hapo bado hujakata kitu, wala usione haya. Mwashi hamkejeli mwenzake kwa kuchimba msingi.

Baadaye ulete kikata kucha. Kile kidogo cha chuma kitumiwacho na watu chafaa, hasa kwa paka mdogo, ikiwa makali yake ni mazuri. Kilicho butu huponda ukucha na kuupasua. Wembe usitumike kamwe, wala kisu cha jikoni. Kiweke chini karibu na dagaa, akinuse, akizoee. Kisha azoee na sauti yake: chukua ujiti mmoja wa tambi kavu, na huku umeushika mguu wake kwa mkono mmoja, kata tambi ile karibu naye, isikike ta! na mara hiyo hiyo umpe dagaa. Rudia siku kadha wa kadha. Paka akisikia sauti ile akatazama mkono wenye dagaa badala ya kukimbia, jua ya kwamba kazi kubwa imekwisha.

Ndipo ukate ukucha mmoja. Mmoja tu. Kata ncha yake kali peke yake, mbali na ile nyama. Na kama ukucha ni mweusi, kata kidogo sana, kama unene wa uzi wa kushonea. Ni heri ukate kidogo mara nyingi kuliko kukata sana mara moja. Mpe ujira, umsifu kwa sauti ndogo, umwachie. Kesho kata mwingine. Haba na haba hujaza kibaba: kucha za mbele ni 10, basi kwa siku 10 umemaliza, na zile za nyuma mara nyingi hazihitaji kukatwa. Paka aliyekwisha kuzoea aweza kukatwa kucha kadhaa kwa mara moja, na kwa wengi yatosha kuzipunguza kila baada ya majuma mawili au matatu.

Mtazame uso na mwili wake wakati wote, maana paka husema kabla ya kupiga. Masikio yakilala upande, mkia ukipigapiga, mboni za macho zikipanuka, ngozi ya mgongo ikitetemeka, au akikataa dagaa anayempenda siku zote, amekwisha kukuambia, Imetosha. Mwache hapo hapo, na siku inayofuata urudi nyuma hatua moja. Anayelazimisha mbele apoteza yale aliyoyapanda majuma mengi. Na kama kwa bahati mbaya damu ikitoka, usipige kelele wala usimfukuze ukitaka kuendelea. Bonyeza ncha ya ukucha kwa kitambaa safi chenye unga laini wa mahindi mpaka damu isimame. Kisha kazi ya siku ile imekwisha, na mfululizo wa siku chache umpe dagaa kwa kumgusa tu.

Wenye paka wachanga wana bahati. Wataalamu wameona ya kwamba kati ya juma la pili na la saba tangu kuzaliwa, paka hujifunza kwa wepesi kuwa mikono ya watu ni salama. Wazee nao walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Basi watoto wa paka washikwe kwa upole kila siku muda mfupi, waguswe miguu, masikio na vinywa, nao watakuwa wapole maisha yao yote. Paka mzima naye aweza kujifunza, ila kwa siku nyingi zaidi.

Yatupasa kuongeza neno juu ya mtoto aliyekwaruzwa au kuumwa, maana hapa hatari yaweza kuwa kubwa. Jeraha lolote lisafishwe mara moja kwa sabuni na maji mengi. Kuna ugonjwa uletwao na vidudu vinavyoenezwa na viroboto vya paka, ambao humpata mtu kwa mkwaruzo, na tezi za kwapani au shingoni huvimba pamoja na homa. Tena kichaa cha mbwa hakikai kwa mbwa tu. Paka pia huambukizwa, na mtu aweza kukipata kwake. Kikiisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Lakini kabla ya dalili chaweza kuzuiwa. Kwa hiyo mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, au paka aliyebadilika tabia, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitali, ili wenye kazi hiyo waamue habari ya chanjo. Msitie majivu, wala pilipili, wala majani. Na siku watu wanapopeleka mbwa wao kuchanjwa, mpelekeni na paka.

Wako pia wanaouliza kama si vema kuziondoa kucha zote kabisa, jambo lisumbue mara moja tu. Sivyo. Kuondoa kucha za paka si kama kung'oa kitu kilicho juu ya ngozi; ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 yakataza kumkata mnyama viungo hivi pasipo sababu ya tiba, na mwaka 2019 jimbo la New York katika Marekani nalo lilipiga marufuku jambo hili. Ikiwa watu wenye waganga wengi wa wanyama wamelikataa, sisi tusilitamani.

Sasa twageukia wazazi na walimu. Kitabu cha Mithali, katika mlango wa 12, chatufunza ya kwamba haki ya mtu haikomi kwa jirani zake. Yafika hata kwa mnyama aliye chini ya mkono wake. Huenda mtu akasema, Neno hilo ni la ng'ombe na punda. Lakini ng'ombe ana thamani ya fedha, na mwenye ng'ombe humtunza hata kama hana haki moyoni. Paka hauzwi sokoni. Ndiyo maana paka hutupima vizuri zaidi: yale tumfanyiayo yatoka moyoni mwetu tu, wala si katika hesabu ya mfuko.

Na watoto watazama. Mtoto amwonaye baba yake akimtia paka katika gunia hujifunza ya kwamba mdogo akikukasirisha hutupwa. Mtoto huyo huyo akimwona baba yake, mtu mzima mwenye nguvu, amekaa juu ya mkeka, amefungua mkono, angoja mnyama mdogo akubali, hujifunza neno ambalo hatuwezi kuliandika ubaoni. Mwalimu naye akumbuke ya kwamba katika darasa lake wamo watoto walio kama paka yule aliyekwisha kukatwa nyama. Wauona mkono ukiinuka kuandika, nao wajikunja. Hawajakataa masomo. Wanakumbuka mkono mwingine. Kwa hao kelele haifai kitu. Yafaa hatua ndogo, sifa ndogo, na kuachiwa waende kabla hawajachoka.

Basi, kabla ya kulitafuta gunia, jaribuni majuma sita ya dagaa na subira. Mtoto na afundishwe kutomvuta paka mkia, wala kumwamsha usingizini, wala kumshika anapokula. Na paka na afundishwe ya kwamba mkono wa nyumba hii hauumizi. Wote wawili ni wanafunzi, na mwalimu wao ni mmoja, yaani ninyi. Mkifanya hivyo, mahindi yatasalimika, shavu la mtoto litasalimika, na hapatakuwa na mnyama wa kutupwa porini usiku.

Mungu azibariki nyumba zenu, wakubwa kwa wadogo, pamoja na vyote alivyoviweka chini ya mikono yenu.